Vikwembe Kumi na Saba

Kuku jike mmoja, vipande viwili vya makayabo, samaki wa chumvi, na asubuhi nzima ya soko: hiyo ndiyo gharama ya kumtafutia binti yangu kadi ya kura kabla ya umri. Nimehesabu mara mbili. Kadi hatukuipata, na kila nikikumbuka hilo ninashusha pumzi.

Kwetu Kisangani kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Ukishuka Isangi kununua samaki bila kadi, pale bandarini utaeleza ukoo wako wote, na mwisho utalipa kidogo ili waache kukusikiliza. Asubuhi binti yangu anauza nami kwenye meza yetu sokoni Tshopo, mchana yuko shule. Nilitaka wakati wa likizo ashuke yeye na mashua, maana magoti yangu yamechoka. Lakini ana miaka kumi na saba, na kura itapita miezi mitatu kabla hajafikisha kumi na nane. Yeye mwenyewe hakutaka kadi ya samaki tu. Alitaka kupiga kura.

"Mama, papa ya taxe anakata ticket kwa meza yetu kila asubuyi," aliniambia akipanga makayabo. "Ameniuliza miaka siku gani?"

Kweli, mzee huyo wa kodi ya soko hamwulizi mtu umri, na mimi nikishindwa hoja natafuta mapatano. Nikamwambia tutaongeza mwaka mmoja. Mtaani wengi walikuwa wakiongeza. Alihitajika shahidi tu.

Nikamfuata ndoyi wake, mama jirani ambaye tulimpa mtoto jina lake. Ndoyi si jina tu. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mtoto, mama huyo humletea kikwembe, kitenge cha kujifunga, na akikosa mtaa mzima utajua. Nilimpa kuku na makayabo, nikamfundisha: "Wakikuuliza, sema kumi na nane."

Walikuwa wakiandikisha watu katika darasa la shule. Tulisimama mstarini mpaka mashine ikalala kwa kukosa umeme, sisi tunaolala tukisikia barrage, bwawa la umeme, ikinguruma. Umeme uliporudi, tukafika mbele ya ajenti, kijana mwenye miwani.

"Mutoto iko na miaka ngapi?"

"Kumi na nane, chef. Lakini hiyo kumi na nane ni bei ya mwisho? Kumi na sita haitoshi?"

"Mama, hii haiko makayabo, iko sheria. Kwa kumi na sita, watoto watauzisha sauti yao ya kura kwa t-shirt."

"Na wakubwa?" binti akaingilia. "Mama walimupatia kikwembe ya kampeni."

Ni kweli. Kilichuja kwenye maji ya kwanza, mgombea akabaki shingo bila uso. Nami kura nilimpigia mwingine.

Ajenti akamgeukia ndoyi. "Na wewe mama, unamujua mutoto huyu tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa! Iko ndoyi yangu. Kila mwaka kikwembe. Vikwembe kumi na nane, sijakosa hata moja!"

Sasa mimi, mtu akihesabu vibaya kitu nilichokipokea kwa mikono yangu, mdomo haungoji ruhusa.

"Kumi na nane wapi? Kumi na saba! Ya kumi na nane haujaleta!"

Mstari wote ukaangua kicheko. Ajenti akaweka kalamu chini polepole.

"Bon. Asante kwa facture, mama, hesabu imeeleweka. Mutoto atarudi wakati kikwembe itafika."

Njia nzima binti alitembea mbele akinipa mgongo. Ndoyi alinisemesha kwa niaba ya wote wawili. "Unanifundisha uongo, halafu unanikatala mbele ya batu? Kuku sirudishi!"

Wiki iliyofuata, mkuu wa shule aliwaita wanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti yangu akiwamo. Kwa mtihani wa Serikali, alisema, kama mwaka wa kuzaliwa kwenye kadi haulingani na ule wa shule, dossier, yaani faili la mwanafunzi, itarudishwa. Wenzake wawili walioongezewa mwaka walitoka wakilia. Binti yangu alikuja sokoni, akakaa juu ya kreti, akaniangalia sana.

"Mama, kumbe mudomo yako imeniponyesha."

Nilipumua mpaka fundo la kikwembe likalegea. Sijawahi kupata faida kubwa namna hiyo kwa kuharibu biashara.

Lakini swali lake halikuondoka na hofu yangu. Papa wa kodi bado anakata tiketi. Yule ajenti aliogopa t-shirt za watoto, nami nawajua wakubwa waliouza sauti kwa sabuni. Kama sheria ingesema kumi na sita, binti yangu angesimama pale na umri wake halisi, na kuku angekuwa anataga kwangu. Kwa hiyo niko upande wake, ingawa sikumwambia haraka. Anayekubali haraka hulipa zaidi.

Sasa amekuja na dai lake. Meza ni yetu wawili, kodi tunalipa wawili, basi na kura yangu ni ya wawili. Nilimpa achague diwani. Akakataa. Nikaongeza mbunge. Akageukia samaki akaendelea kupanga, kama mteja anayeondoka akijua utamwita arudi. Anataka kumchagua rais.

Siku ya kura inakaribia, na bei yangu imefika chini kabisa. Wewe unayesoma, uliyewahi kulea mtoto anayejua kupatana kuliko wewe, nipe shauri: nimwachie rais, au nishikilie?