Mianzi ya Atuganile

Mke wangu Atuganile amezikwa ndani ya mianzi, kando ya korongo, Kinyerezi. Watu wanauliza kwa nini sikumpeleka makaburini kama wengine. Sina maneno mengi, ila haya ninayo.

Tulitoka Tukuyu miaka ile Mwingereza alipokuwa bado mgeni katika nchi. Mie nikapata kazi kwenye genge la reli, upande wa Pugu. Kushindilia kokoto, kubadili mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, yakichoka, kufyeka nyasi. Mahali pa kukaa hatukuwa napo. Tukamwendea Mzee Nassibu, Mzaramo, mwenye sehemu ile tangu babu zake. Akatupa mteremko, kuanzia ukingo wa msitu hadi bondeni, kwenye kijito kinachokwenda kuingia Msimbazi.

"Limeni," alisema. "Mihogo, kunde, mpunga, chochote cha msimu. Mti msipande. Mnazi hapana, mwembe hapana, mkorosho hapana."

Nikamuuliza kwa nini.

"Huku kwetu mwenye mti ndiye mwenye mahali. Ukipanda mnazi leo, mjukuu wako atakuja kumwambia mjukuu wangu, ondoka kivulini kwangu."

Atuganile akacheka. "Baba, mjukuu mwenyewe hata mama yake hajazaliwa."

"Ndiyo maana nasema mapema," Mzee Nassibu akajibu, na yeye akacheka.

Tukakubali. Tulikuwa wageni, na masharti yalikuwa ya haki.

Mahali pale palikuwa pazuri. Juu yetu msitu ulikuwa mnene, majani makavu chini yanazama mguu. Mvua ikinyesha, tuliisikia kwanza kwenye miti. Maji tuliyaona baadaye sana, yakishuka taratibu, masafi, unaweza kuyachota. Kiangazi kizima kijito kilitiririka. Atuganile alilima mpunga bondeni, akaupenda kuliko alivyonipenda mie. Sikuona wivu. Mpunga ulikuwa unazungumza naye.

Kisha zikatakiwa kuni. Bandali, Mhindi wa mjini, alikuwa na matanuri ya chokaa, na tanuri la chokaa halishibi. Mzee Nassibu akamuuzia msitu wa juu. Wachoma mkaa nao wakaingia. Mji ulikuwa unajengwa, watu wanataka kuta nyeupe. Wakataji walipata chakula, na Bandali hakumdhulumu mtu. Ila baada ya masika chache, juu yetu palibaki visiki na udongo mwekundu unaong'aa kama umepigwa pasi.

Na mvua yenyewe ikabadilika. Vuli ikawa inakuja, inakosa. Masika ikawa inajikusanya, inamwagika yote kwa pamoja. Zamani ingeanguka msituni ikanywewa. Sasa iligonga udongo mtupu na kushuka wakati ule ule, inabeba kila ilichokuta. Njia yetu ya kwenda mtoni ikawa mfereji. Mfereji ukawa korongo.

Mtu asiyelijua korongo hudhani linashuka. Linapanda. Maji yanaporomoka penye mdomo wake wa juu, yanakula chini, udongo wa juu unaanguka, mdomo unasogea. Kila masika korongo lilipanda kuelekea nyumba yetu, na udongo uliotoka huko ulikwenda kufukia mpunga wa Atuganile. Mavuno yakawa mchanga. Na kiangazi kijito kikakauka, wanawake wakawa wanachimba mchanga huo huo kutafuta maji ya kunywa.

Binti yetu Jovina alikuwa amekwisha zaliwa. Nikamwambia Atuganile, "Mama Jovina, tuhame. Tuombe pengine."

"Pengine wapi ambako mvua haishuki?"

"Hili korongo litatuzika."

"Lijaribu," alisema. Akasimama akilitazama, mikono kiunoni, kama anatazama mtu mlevi mlangoni pake. "Maji ni yale yale, Baba Jovina. Yamenyang'anywa pa kukaa. Tuyatafutie pa kukaa."

Akaweka mawe. Maji yakachukua mawe. Akaweka magogo, yakachukua. Nikaomba taruma bovu kazini, tukalilaza kukata korongo, tukalipigia vigingi. Masika ilipokwisha tulilikuta mbali huko chini, mtu amelifanya benchi la kuuzia kahawa.

"Mzito kumbe naye anasafiri," Atuganile alisema. Tukanywa kahawa juu ya taruma letu, tukarudi.

Mwaka uliofuata mama yake alifariki. Akaenda Tukuyu kulia. Aliporudi, lori hadi Dodoma, kisha treni, alikuwa na gunia limelowa, linanuka tope. Ndani yake mlikuwa na mashina ya mianzi na mizizi yake. Kwetu Tukuyu nyumba haikosi mianzi nyuma. Tunajengea, tunafumia, tunafungia ng'ombe.

"Abiria walisema nimebeba maiti," alinisimulia. "Nikawaambia ndiyo, ila ikifika itafufuka."

Akaipanda kwa safu, kukata korongo upande hadi upande. Masika ya kwanza tope lilianza kubaki nyuma ya safu. Masika ya tatu sikuweza kupita katikati. Maji yalifika, yakaingia kwenye mianzi kama watu wengi kwenye mlango mmoja, yakalazimika kwenda polepole. Udongo yalioubeba yakaukabidhi pale. Mdomo wa korongo ukasimama, hatua chache kutoka jikoni kwetu.

Ndipo Mzee Nassibu akaja. Kanzu, fimbo, uso umefungwa.

"Atuganile, nilisema nini kuhusu mti?"

"Ulisema nisipande, baba. Sijapanda."

"Na hii?"

"Hili ni jani."

"Jani linalopita paa la nyumba?"

"Muwa nao mrefu, na hakuna aliyeuita mti. Tazama. Halina gome wala tawi la kupanda mtoto. Ukikata linachipua chini, kama nyasi. Kwetu mbuzi analila."

"Mbuzi anakula hata kanzu yangu. Ndiyo jani?"

Wakabishana mpaka jua likawa kali, nikawaletea maji wote wawili. Hakuogopa kijito wala korongo, Mzee Nassibu. Aliogopa kivuli cha mjukuu wetu. Sikumshangaa. Ardhi ya Wazaramo wengi karibu na mji ilikuwa imekwisha kuliwa kwa njia hiyo hiyo, mnazi mmoja mmoja.

Akapeleka shauri kwa jumbe. Barazani wazee wakakaa na kipande cha mwanzi mbele yao, wanakigonga, wanakinusa. Mmoja akasema kina uwazi ndani, basi si mti. Mwingine akasema mpapai nao una uwazi ndani, na mpapai ni mti. Jumbe akachoka. Akaamua: kinachojenga nyumba ni mti. Ung'olewe.

"Sing'oi," Atuganile akasema.

"Umeamriwa, mama."

"Nimesikia. Nimesema sing'oi. Anayetaka aje ang'oe mwenyewe, na masika ikija akae yeye mahali pa mianzi."

Mie nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sikumvuta nguo.

Walikuja vijana wenye mapanga na majembe. Atuganile alikaa katikati ya shina kubwa kuliko yote, anasuka ukili. Wakamzunguka, wakakata mengine. Mizizi ikawashinda, imeshikana kama vidole. Wakaona afadhali kukata juu tu. Na ili asije akaokota nguzo akajengea, wakaikatakata mianzi vipande vifupi, wakavitupa korongoni, kama wanavyofanya na mihogo iliyooza.

Nilitaka kusema neno. Akanikata jicho.

"Acha watupe," alisema chini chini. "Watupe vyote."

Mzaramo anajua mnazi tangu ukiwa nazi. Mwanzi hakuujua. Hakujua kwamba kipande chenye fundo kikifukiwa tope huota. Masika ikavisomba vile vipande, ikavisambaza kando ya kijito, ikavifunika mchanga vizuri kuliko ambavyo mkulima angeweza. Vikachipua hadi chini, kwenye minazi ya Mzee Nassibu mwenyewe, ambako ukingo ulikuwa unaporomoka na minazi kadhaa ilikuwa imekwisha kulala mtoni. Na huku juu, visiki vikatoa machipukizi manene kama mkono wa mtoto.

Mzee Nassibu akarudi. Safari hii alikaa kwanza, akaomba maji.

"Mianzi yako imeingia kwangu."

"Mianzi yangu mie?" Atuganile akaendelea kupepeta mchele. "Mie sikupanda kwako, baba. Aliyetupa ndiye aliyepanda. Watu wako."

"Usinichezee."

"Sichezi. Kama ni mti, basi ni mti wako, umeupanda, na jumbe atashuhudia. Na huu wa huku vijana wako waliukata, ukaota tena juu ya mapanga yao, sijui utauita wa nani. Kama ni jani, hauna mwenyewe, tuache liote. Chagua, baba. Mie nina mchele."

Mzee Nassibu akatazama bondeni, kwenye ule ukingo wake.

"Minazi haijaanguka mwaka huu," alisema.

"Haijaanguka."

"Basi ni jani."

"Ukaseme kwa jumbe."

"Mwanamke wewe."

"Ukaseme kwa jumbe, baba, halafu uje nikupikie wali."

Akaenda, akasema mbele ya wazee wote. Akaja akala wali. Tangu siku ile alimwita dada yake, na akipita hakukosa kuingia.

Nisiongope. Kijito hakikurudi kutiririka kiangazi. Msitu haukurudi, na mianzi haiwezi kazi ya msitu mzima. Masika kubwa bado inaleta mchanga. Lakini korongo lilisimama. Mpunga ulirudi nusu. Nyumba ipo. Jovina alikulia humo, akaolewa kutoka humo.

Mzee Nassibu akafa. Mwanawe Mshamu akarithi. Kijana mzuri, ana haraka. Mwaka jana Bandali, ambaye naye sasa amezeeka, alitaka mteremko wote achimbe udongo wa matofali. Mshamu akazunguka kwa wapangaji akitazama nani ana mti gani, wenye miti wapewe haki yao kabla ya kuondoka. Akafika kwetu.

"Shikamoo mzee. Ninyi hamna mti."

"Hatuna."

"Mnaondoka baada ya mavuno."

Atuganile alikuwa amelala ndani, kifua kimembana tangu mfungo. Sauti yake ikatoka.

"Nani huyo?"

"Ni mie, shangazi. Mshamu."

"Unasema mianzi si mti?"

"Marehemu baba mwenyewe alisema kwa jumbe, shangazi. Ni jani."

"Ni jani," akasema. "Sijabadili neno. Na sihami."

Mshamu akaniangalia kama nimfafanulie. Aliondoka.

Jioni akaniita nikae karibu.

"Baba Jovina, tulikatazwa nini sie?"

"Mti."

"Kingine?"

Nikafikiri. "Hakuna kingine."

"Basi unizike kwenye mianzi."

Alifariki vuli ilipoanza. Sitaki kuandika siku hiyo. Yeyote aliyefiwa na mke anaijua, na asiyefiwa haitamsaidia.

Wenzangu wa genge walikuja na mitaimbo ya reli, maana jembe haliingii kwenye mizizi ile. Shimo lilikuwa limefika kifuani Mshamu alipotokea na watu wake.

"Mzee, pole. Lakini hapa hapana."

"Nimekatazwa nini hapa?"

"Mgeni haziki. Kaburi ni... mzee, unajua kaburi ni nini."

"Najua. Nauliza nimekatazwa nini. Baba yako alikuwa mtu wa masharti wazi. Alisema mnazi, akasema mwembe, akasema mkorosho. Kaburi ni lipi katika hayo?"

Watu wake wakatazama chini. Mmoja, mzee aliyekuwa barazani ile siku ya kunusa mwanzi, alishika mdomo. Nadhani alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Yeye alikula wali wa Atuganile.

"Endeleeni," nikawaambia wenzangu.

Wakaendelea. Mshamu hakuzuia. Jeneza liliposhuka aliokota udongo akatupia kama wote, maana ni mtoto wa watu. Kisha akasema mbele yao atanipeleka kwa liwali.

Bandali alikuja baada ya matanga, na fimbo yake na miwani. Alinipa pole kwa adabu. Akasimama ukingoni, akaangalia kaburi, akaangalia mianzi, akaangalia juu ule udongo mwekundu ambako zamani alitoa kuni.

"Katikati hasa," alisema.

"Katikati hasa."

"Mimi sichimbi kaburi la mtu, mzee. Mshamu hakuniambia."

"Mlipopatana hakujua. Mke wangu naye hakumwambia."

Akaenda. Sijui atanunua pengine au atangoja nife. Akingoja, nimemwagiza Jovina anilaze mie upande wa juu wa yule mama yake, pale maji yanapofikia kwanza.

Shauri la liwali bado. Mshamu alete. Wataniuliza kama hili ni kaburi au ni hila, nitawajibu ni kaburi, waje wachimbe wahakikishe. Jana imenyesha mvua kubwa. Nilikaa barazani nikaitazama ikishuka kutoka juu, nyekundu, ina haraka yake. Ikaingia kwenye mianzi. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa inatembea.