Kafili wa Gari la Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya kadhi hapa Maskati, mwaka 1966, Karani Mkuu alinionesha mkeka wangu na kidau changu cha wino. Akaniambia kazi yangu ni kufasiri Kiswahili kwa Kiarabu bila kutia chumvi. Tuliotoka Unguja tulikuwa wengi, na wengine Kiarabu hawakukijua. Mimi nilikuwa karani wa mahakama kule, kwa hiyo nilijiona najua kila kitu.

Nyinyi mnaosomea sheria leo, polisi wakizuia gari mnaandika maombi. Wakati wetu magari yalikuwa machache, na mwenye kutaka gari lake litoke kabla shauri halijakwisha alileta kafili, yaani mtu wa kumdhamini. Kafili hakutazamwa utajiri. Alitakiwa ajulikane na kadhi na aaminike mjini, maana mdhaminiwa akitoroka, yeye ndiye atakayeulizwa.

Bi Zuwena, mjane wa kutoka Unguja, alikuwa na pikapu ya kubebea watu mizigo baina ya Matrah na Maskati, na nduguye Nasor ndiye dereva. Wanawe walikula kwa gari lile. Siku moja Nasor akamgonga punda wa Said, muuza maji, na polisi wakalizuia gari mpaka shauri liishe. Bi Zuwena akamleta jirani yake awe kafili, mtu mwema, lakini naye alikuwa mgeni kama yeye. Kadhi akamuuliza kwa upole nani mjini anamjua. Hakupatikana mtu, na jirani akakataliwa.

Tulipotoka nje, Bi Zuwena akaniambia anakwenda kumtazama punda. Nikamkataza. Tulivyofunzwa sisi, mdaiwa hamwendei mdai nyumbani shauri likiwa mbele ya hakimu. Watu watasema anamlainisha.

"Mwanangu," akanijibu, "mimi nnakwenda kumjulia hali mgonjwa. Hayo ya mahakama yenu yatangoja."

Akaenda kweli, na mafuta ya nazi na manjano, akamkanda mguu punda wa watu. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu tu, na Said hakujua Kiswahili. Akaenda tena kesho yake, na siku zilizofuata. Watu wa mtaani walicheka, nami nikacheka, kisha nikamwogopea, kwa sababu Karani Mkuu alikuwa ameshapata habari.

Siku ya shauri Kadhi akauliza tena, kafili yuko wapi. Upande wa mdai, Said akasimama.

"Mimi ndiye kafili wake," akasema.

Karani Mkuu akaweka kalamu chini. Akasema hajapata kuona mdai akimdhamini mdaiwa wake, tena mwanamke huyu amekuwa akimwendea nyumbani. Kadhi akamtaka Said ajieleze. Said akasema punda bado anachechemea na wateja wake wanangoja maji. Gari likitoka, Nasor atambebea mpaka mnyama apone. Na mwanamke anayemuuguza punda wake, akasema, hana wasiwasi kwamba atamkimbia.

Kadhi akamgeukia Karani Mkuu. "Kafili ajulikane na aaminike," akasema. "Said namjua tangu mdogo. Mfungulieni Bi Zuwena gari lake."

Ilinipasa kufasiri. Nikafungua kinywa, machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Bi Zuwena akanitazama kwa hofu.

"Wamelichukua moja kwa moja?" akauliza.

Nikatikisa kichwa, nikamwonesha Said kwa mkono, na ndipo nikaweza kumwambia.

Punda alipopona, Said aliacha shauri. Alimwambia Kadhi kwamba haoni vipi atamdai mtu aliyemdhamini mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nakaa Al Khuwair, na mjukuu wangu ni wakili. Juzi aliniuliza, lau siku zile zingerudi, ningemkataza tena Bi Zuwena asiende? Nikamwambia ningemkataza, kwani ndiyo kazi ya karani, na ningemwomba Mungu Bi Zuwena asinisikilize.