Midomo Yetu Mbele ya Sufuria ya Bi Chausiku

"Bibi, mbona hunipi pilau, unanitazama mdomo tu?"

Nilimuuliza hivyo Bi Chausiku nikiwa darasa la kwanza. Alisema tu, "Kaa hapo, Jesca. Na usijifute."

Ni jirani yetu hapa Mwembesongo. Enzi hizo harusi ya mtaani bila mwiko wake haikuwa harusi. Alizaliwa Kinole, huko juu milimani, na mdalasini wake uliletwa kutoka huko huko, magome mazima, akatwanga mwenyewe. Akishapanga mkaa juu ya mfuniko, anatuita watoto tukae kwenye benchi. Mvuke ukianza kupenya, mate yanatujaa. Mwenzetu Yusuph ndiye aliyekuwa bingwa, udenda ulimshuka mpaka kwenye shati. Hapo Bi Chausiku anasema, "Yusuph wangu kaiva. Epueni."

Lakini maneno yalikuwepo. Mwanaasha, mpishi mwenzake, alisema mbele ya watu, "Mpishi gani haonji? Iko siku atatuaibisha." Ilipofika harusi ya Faraja, mjukuu wa damu wa Bi Chausiku, ndugu wakataka kumpa Mwanaasha kazi.

"Nipeni hii," Bi Chausiku akawaambia. "Ikiharibika, mwiko nauweka chini."

Siku hiyo Yusuph alikuwa na mafua. Mdomo mkavu kabisa. Bi Chausiku akamwinamia, akamwangalia, akahamia kwangu. Mwanaasha kasimama pembeni, mikono kiunoni. Nilitamani kujifuta mate, nikakumbuka alivyonikataza, nikaacha. Tone likanidondokea gotini.

"Epueni," akasema, sauti ndogo.

Pilau ile Mwanaasha alirudia sahani.

Sasa niko kidato cha nne na Bi Chausiku hapiki tena, magoti yamegoma. Juzi nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo, nikamuuliza tena lile swali langu. Akacheka, akachambua kidogo, kisha akaacha ungo.

"Mwaka uliozaliwa wewe niliumwa, pua ikafa, na ulimi nao. Sisikii harufu ya kitu. Ningesema, nani angenipa sufuria? Mkono ulijua chumvi, ila kuiva nilikuwa naona kwenu. Na mdalasini wa kwetu, mjukuu wangu, nimekua nao. Ulipokudondoka ule udenda, nikajua mdalasini bado unanukia."