Fundi Leodegar na injini iliyooshwa na mama mkwe

Tone. Kimya. Tone tena.

Bado giza. Kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Mchikichini, Ilala, oili inadondokea mfuniko wa sufuria. Leodegar Ndunguru yuko macho, anasikiliza kama daktari aliyeweka sikio kifuani kwa mgonjwa.

"Hiyo ni gasketi ya chini tu," anamnong'oneza mkewe. "Siyo ugonjwa. Ni mafua."

"Huo ni mfuniko wa sufuria yangu ya wali," anajibu Hyasinta bila kufumbua macho.

Injini yenyewe ipo sebuleni, imekalia tairi kuukuu mahali palipokuwa na kochi. Kochi limehamia kwa jirani, ambaye ameshaanza kuliita lake. Nyuma ya pazia wamelala binti yao Ignasia, mwenye miaka sita, na bibi yake, Mama Otilia, mama mzazi wa Hyasinta, aliyekuja kutoka Mbinga kusalimia kwa wiki mbili na sasa hakuna anayethubutu kumuuliza atarudi lini.

Leodegar (41) ni fundi wa injini za dizeli katika mtaa wa Gerezani. Karakana yake ni kipande cha uwanja chenye paa na kisicho na mlango, ndiyo maana kazi muhimu anarudi nayo nyumbani.

"Gerezani injini ikilala nje, inaamkia kwenye gari la mtu mwingine," anasema.

Asubuhi hii ana uamuzi mmoja wa kufanya. Aifungue injini yote na kuijenga upya ili ibebe turbo, au aifunge kama ilivyo kwenye pikapu ya mkewe, ambayo haijasogea tangu masika.

Pikapu hiyo ndiyo inayoilisha nyumba. Hyasinta hununua marobota ya mitumba Mchikichini na kuyapeleka kwenye minada ya Kisarawe. Tangu injini ya zamani ife, hukodi gari kwa shilingi elfu themanini kila safari.

"Siku nyingine mnada unaisha nagundua nimemfanyia kazi mwenye gari," anasema. "Yeye anaondoka na faida, mimi naondoka na jua kichwani."

Leodegar halipingi hilo. Tatizo lake ni kilima cha Pugu, kilicho njiani kwenda Kisarawe. Hata ilipokuwa nzima, pikapu ilikipanda kwa kunung'unika, na Hyasinta akafika mnadani wateja wa mapema wameshanunua, wamevaa na kuondoka.

Kisha siku moja akaikuta turbo kwenye basi dogo lililokuwa linakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Akaipangusa, akaizungusha kwa kidole. Ikazunguka bila kukwaruza.

"Nikajua hii Mungu ameniwekea," anasema.

Turbo, kwa wanaoijua kwa jina tu, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo husukuma hewa zaidi ndani ya injini. Hewa ikizidi, nguvu inazidi, na joto pia. Injini ambayo haikutoka kiwandani na turbo inatakiwa kwanza ifunguliwe, ipimwe na kubadilishiwa pistoni na ringi.

"Ukiifungia hivi hivi ni kama kumlisha mtoto mchanga ugali wa muhogo," anaeleza. "Atashiba yeye, utalia wewe."

Injini inayodondosha oili sebuleni ni ya pili kuletwa hapa. Ya kwanza ndiyo inayowafanya mafundi wenzake hadi leo wamsalimie huku wakicheka.

Ili kuelewa kisa hicho, ni lazima kujua kwamba kwenye safu ya wauza injini chakavu pale Gerezani, usafi haupendwi. Uchafu mkavu ulioganda kwenye bolti ni ushahidi kwamba spana haijagusa. Injini inayong'aa inapitwa kama msiba wa mtaa wa pili.

"Injini iliyooshwa ni bwana harusi aliyepakwa poda nyingi," anasema Leodegar. "Lazima ujiulize kuna kipele gani."

Hivyo wauzaji na mafundi wamejiwekea sheria isiyoandikwa popote. Injini ikionekana mbovu inarudishwa ndani ya wiki, mradi irudi na uchafu wake. Ikishaoshwa, imeshakuwa yako.

Leodegar alichagua iliyo chafu kuliko zote, kwa muuzaji anayeitwa Sadalla. Anasema ilikuwa nyeusi mpaka ikakosa umbo. Akaileta nyumbani, akaizunguka kwa tochi jioni baada ya jioni, akausoma uchafu wake kama mtu anayesoma barua ya posa. Akaridhika. Hii ingebeba turbo. Jumanne angeanza kuifungua.

Jumatatu, yeye akiwa kazini na Hyasinta akiwa sokoni, Mama Otilia akabaki na injini.

"Nilikaa nikaitazama," anasimulia mama huyo, mikono mapajani. "Nikasema, mwanangu ana shughuli nyingi, hajapata nafasi ya kuosha hiki kitu. Wageni wakija watasema sikumlea."

Akachemsha maji. Akachukua sabuni, majivu na stili waya, akatandika turubai, akafunga kitenge kiunoni. Ignasia alipewa kazi ya kumshikia tochi kwenye vichochoro vya injini. Magharibi inaingia, wao wanafuta sakafu.

"Nilifungua mlango nikaona inang'aa kama kikombe cha padre," anasema Leodegar.

Kwao Mbinga mtu hampandishii sauti mama mkwe, hata akiichoma nyumba. Hyasinta, aliyekuwa amerudi dakika chache kabla na kuelewa maafa yote, alisimama pembeni kuona mumewe atatokaje.

"Shikamoo, mama," alisema Leodegar.

"Marahaba, baba. Umeiona?"

"Nimeiona, mama. Asante. Umechoka sana."

Akatoka uani, akakaa juu ya ndoo mpaka chakula kikapoa.

"Nilimsikia anaongea na bomba la maji," anasema Hyasinta. "Nikamwacha. Bomba lina subira."

Kulipokucha, mwanga wa dirishani ulipoangukia chuma kile kisafi, Leodegar aliona kitu ambacho tochi yake haikukiona jioni zote zile. Ubavuni mwa injini ulipita mstari mwembamba kama unywele. Ulikuwa ufa, umezibwa kwa gundi ya chuma.

Kwa kazi nyepesi, anasema, ufa huo ungeweza kuvumilia muda. Kwa turbo usingevumilia. "Ungefunguka kama mdomo. Na ungechagua pale pale Pugu, mke wangu yuko juu ya kilima na marobota yake, mimi niko huku najisifu."

Mama mkwe alikuwa amemwokoa. Alikuwa pia amemfutia haki ya kuirudisha.

Leodegar, mkewe na mama mkwe walienda Gerezani na injini juu ya guta la magurudumu matatu. Sadalla aliizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Fundi, hii injini naiona leo kwa mara ya kwanza," alisema. "Yangu ilikuwa chafu."

Aliitwa Mzee Hashimu, kiongozi wa safu hiyo. Alisikiliza pande zote mbili, akakuna ndevu, akasema anamwonea huruma Leodegar lakini sheria ni sheria. Hapo ndipo Mama Otilia, ambaye alikuwa amekuja ili aombe radhi tu, akafungua kikapu chake. Akatoa stili waya zake, bado nyeusi. Hakuzitupa kwa sababu alipanga kusugulia masufuria.

"Baba, samahani," alimwambia Hashimu. "Mimi magari siyajui. Lakini uchafu wa namna hii nimeuosha tangu nilipoolewa. Hebu nusa."

Hashimu akanusa. Akanusa tena. Akampa aliyekuwa karibu, naye akampa mwenzake, stili waya ikapita mikononi mwa safu nzima kama sadaka.

"Chipsi," alisema Hashimu hatimaye.

"Chipsi mayai," alisahihisha fundi mmoja kutoka nyuma.

Uchafu ule ulikuwa mafuta yaliyoungua ya banda la chipsi lililo mgongoni mwa duka la Sadalla, yamekorogwa na masizi na vumbi la barabarani, yakapakwa na kuachwa juani. Sadalla, alipoulizwa kwa ajili ya simulizi hii, hakukana wala hakuona haya.

"Wateja wanataka uchafu," anasema. "Nikiweka safi, hainunuliwi. Ile niliinunua ikiwa imeshazibwa, mimi niliipaka miaka tu."

Hashimu aliamua kwamba sheria inalinda uchafu wa injini, siyo wa jikoni. Sadalla atoe nyingine. Leodegar akataka kuchagua, lakini wazee wa safu wakasema aliyenusa mwanzo anuse mpaka mwisho.

Mama Otilia akapita akiinama injini hadi injini, mkwewe nyuma amembebea kikapu, mafundi wameacha kazi kutazama. Alisimama kwenye moja iliyokuwa na kiota cha panya kwenye kona.

"Panya amelala hapa na hajailamba," alisema. "Hii imechafuka kwa haki."

Ndiyo hiyo iliyopo sebuleni sasa, na Leodegar ameitwa Fundi Chipsi kuanzia siku ile. Kuna mteja mpya aliyekuja kumuulizia kwa jina hilo, akidhani ni la ukoo.

Kumepambazuka. Oili bado inadondoka, polepole. Leodegar ameipima injini, na mbano wa silinda zote nne unakaribiana, dalili ya afya.

"Hii inastahili turbo," anasema, kwa sauti ya mtu anayemsindikiza mchumba stendi.

Lakini kuijenga upya kutachukua zaidi ya mwezi na kumeza zaidi ya shilingi laki tano anazopata mwezi ukiwa mzuri. Hyasinta anamimina chai kwenye vikombe, anaongea bila haraka.

"Baba Ignasia, mimi sishindani na mabasi. Nataka nifike Kisarawe na nirudi."

"Ukiwa na turbo utafika mapema, mama."

"Bila pikapu sifiki kabisa."

Ignasia anatoka nyuma ya pazia, anaizunguka injini kwa ubavu kama anavyofanya kila asubuhi, anachukua ndala zake chini ya bomba la ekzosi. Baba yake anamwangalia anavyobana sketi ya shule isiguse oili.

"Naifunga kama ilivyo," anasema Leodegar.

Baadaye, akijipangusa mikono, anaeleza kilichomshinda. "Ile ya kwanza nilikuwa na uhakika nayo. Siku zote zile nanusa chipsi, nasema hii ni injini. Kwa sasa mimi na uhakika wangu hatusalimiani."

Na turbo? Anasema aliitoa nyumbani tangu wiki iliyopita, Hyasinta alipoikuta chini ya kitanda chao baada ya kuigonga kwa kidole cha mguu. "Mimi na turbo basi," anasema, mkono kifuani.

Wapagazi wanaitoa injini kwa miti na kamba. Kazi ya kuifunga inachukua mchana wote, pale pale mtaani, na kila mpita njia ana ushauri. Jua likianza kulala, Hyasinta anapanda kwenye usukani. Pikapu inakohoa, inatoa moshi mweusi unaowakimbiza kuku wa jirani, kisha inatulia na kunguruma.

Hyasinta anashika usukani kwa mikono miwili, haondoi macho kwenye kioo cha mbele mpaka kope zikauke.

"Jumamosi nina mnada," anasema. "Nitaondoka na gari langu."

Leodegar amesimama kwenye dirisha la pikapu, upande wa mkewe. Anasema mwakani, Mungu akipenda, atapata karakana yenye mlango, injini zilale huko, na kochi lirudi kabla jirani hajalibadilisha kitambaa.

"Na kilima cha Pugu?" anauliza mkewe.

"Tutakipanda taratibu. Turbo nimeshaisahau."

Mama Otilia anaanza kutafuta kitu ndani ya kikapu chake, ambacho hakina kitu. Ignasia, aliyekaa kiti cha abiria na miguu haifiki chini, anamgeukia mama yake.

"Turbo ipo chini ya kitanda cha Bibi, na Bibi ameshaiosha."