Theognosia Aitwa Mtaalamu

Theognosia amepika jibini la halumi tangu usichana wake, na hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Leo kampuni moja yenye maneno ya asali imemwita hivyo kwa simu. Kamari wanayoiuza, ya kubashiri kama bei ya dhahabu itapanda au itashuka, sheria za Ulaya sasa zinakataza kuwauzia watu wa kawaida. Wataalamu ruksa. Akubali tu kuandikishwa hivyo.

"Umesikia, Hambis? Mtaalamu!"

Mumewe aliendelea kukunja jibini la moto juu ya majani ya nanaa. "Mtaalamu akiliwa, hana pa kulilia."

"Wivu huo, mzee wewe!"

Hambis akamlisha kipande. "Baki wa kawaida, mke wangu. Wa kawaida ana sheria, na ana mimi."