Kitufe cha Ahsante

Nilirudi Tabora kwa wiki mbili, na sasa naingia mwaka wa tatu. Mama alipata kiharusi akiwa anapeta mchele uani kwetu Chemchem, upande wake wote wa kulia ukalegea, na kaka zangu wawili, mmoja wa Muscat na mmoja wa Mwanza, wakakubaliana kwenye simu kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Mwenye nafasi maana yake asiye na mume. Hakuna aliyelitamka hilo, ila mimi nimekulia nyumba hii na nayasikia hata yasiyosemwa. Nikaaga kazini Dar es Salaam, nikafungasha kompyuta na nguo, nikaja.

Ukoo wetu wote ulikuja Tabora kwa muda. Babu wa babu yangu alifika na msafara kutoka pwani, akiwa na vitambaa na shanga, nia yake auze kisha ageuze. Hajageuza mpaka leo, yuko makaburini. Zamani nilikuwa nikiwasimulia watu hadithi hii huku nacheka. Siku hizi siisimulii, maana safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kwenda duka la dawa Gongoni na kurudi kabla mama hajahitaji kugeuzwa. Binamu yangu alipoolewa Goweko, mahali pa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, nilituma kanga. Nampenda mama. Lakini kuna siku, nikiwa nimeshika beseni, nilitamani kupiga kelele mpaka mabati yang'oke.

Kazi yangu ni kupanga vitu kwenye kioo cha simu: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani, kiseme nini. Tabora sikumpata wa kuniajiri kwa ufundi huo. Nilitafuta mpaka nikachoka, kisha kampuni moja ya michezo ya simu ikakubali kunichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, nifanye kazi nikiwa hapa hapa nyumbani. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi kuishi kwa hisani ya kaka zangu, ambao hawatoi kitu bila mawaidha.

Mchezo wenyewe ni wa matunda. Unapanga machungwa matatu pamoja, yanapasuka, unapata mbegu, unastawisha shamba lako. Ndani yake mna duka la kununulia mbegu za ziada, maji na mbolea, na duka hilo lilikuwa ovyo kabisa, vitu vimerundikana kama stoo na maandishi yanapandiana. Mkuu wangu wa kazi, kijana wa Dar es Salaam niliyemzidi umri lakini anayeniita dada kwa sauti ya kuamuru, alinipa kazi ya kulipanga upya, kwa Kiswahili.

"Dada, watu wanaingia, wanazubaa, wanasepa," alisema. "Mimi nataka mtu akiingia, akae."

Niliifanya kazi ile kwa raha, sitasema uongo. Baada ya miezi mingi ya vidonge na mashuka, hatimaye nilikuwa na kitu cha kupendezesha. Nikaondoa rundo lote. Nikachora mama muuza duka, mnene, mwenye kilemba cha kijani na kikapu cha ukindu mikononi. Kila baada ya raundi tatu anatokea mwenyewe, anainama kidogo na kusema, "Karibu mpenzi, chukua kikapu hiki." Chini yake pana kitufe kimoja kipana, cha kununua kikapu kwa salio la simu. Toleo la Kiingereza lilikuwa na neno la mtu aliyefurahia zawadi, nami nikaandika: Ahsante! Nililiona neno zuri, la adabu, la kwetu. Nilijipongeza.

Mama nilikuwa nimemwekea mchezo huo ili apate la kushughulisha vidole na kichwa. Aliupenda kuliko nilivyotarajia. Shamba lake lilifika hatua ambayo mimi mwenyewe sijawahi kufika, na mchana kutwa nilisikia machungwa yakipasuka nyuma ya mgongo wangu, kwani meza yangu niliiweka chumbani kwake ili aniite bila kupaza sauti. Duka jipya lilipoingia kwenye simu yake, nilimwonyesha yule mama wa kikapu, nikamwambia mimi ndiye niliyemchora. Akafurahi, akasema kilemba kimekaa vizuri. Asubuhi ya pili nikamkuta amenuna.

"Simu yangu imeliwa salio lote," alisema. Ulimi wake bado ulikuwa mzito, kila neno alilivuta.

"Umenunua kikapu, mama?"

"Sijanunua kitu."

"Ulibonyeza wapi?"

"Pale penye ahsante."

"Sasa si ndiyo umekubali?"

"Nimekubali nini?" Alinitazama kama ananionea haya. "Kanikaribisha, nimemwambia ahsante. Kwani ukipita kwa watu wanakula, wakakwambia karibu, unajibuje?"

Najua ninavyojibu. Nimekuwa nikijibu hivyo tangu nilipoanza kutembea. Unapita mlangoni kwa watu, sinia liko katikati, wanasema karibu chakula, unasema ahsante na miguu inaendelea na safari. Hakuna anayeinuka kukupakulia. Ahsante ile ni ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, na mimi, mtoto wa Chemchem, nilikuwa nimeichukua na kuifanya saini ya kununua.

"Ungeondoka tu bila kumjibu," nilimwambia.

"Mtu mzima ananiita mpenzi, nimwondokee kimya?"

Nilimpigia mkuu wangu siku hiyo hiyo. Nilijiandaa kumweleza polepole, kama kosa langu la lugha. Sikumaliza hata sentensi ya pili.

"Najua, dada," alisema, anacheka. "Bi mkubwa wangu mwenyewe kanasa mara mbili. Hapo ndipo ulipotisha. Hiyo kitu usiiguse hata nukta."

Ningekuwa nazungumza na mgeni asiyejua lugha, ningepata pa kushika. Huyu alijua kila kitu nilichokijua. Naye alikulia kwenye nyumba ya sinia na karibu. Akaniambia wakubwa wamefurahi sana, majaribio yangu yanaisha Ijumaa, na amekwisha kunisemea vizuri. Kabla ya Ijumaa amebakiza ombi moja tu. Alama ya kufungia duka, ile ya msalaba mdogo, iko wazi mno, niitafutie mahali patulivu.

"Patulivu wapi?"

"Wewe ndiye fundi, dada."

Nilikaa mezani siku mbili. Niliandika barua ya kukataa, ndefu, yenye hoja zote, nikaisoma, nikaona inapendeza, nikaifuta. Nyuma yangu mama aliomba maji, kisha akaomba mto, kisha akaomba mto uondolewe. Nilijua nikimwaga unga hapa sitapata kazi nyingine ya kufanyia chumba hiki, na chumba hiki siwezi kukitoka. Basi nikaichukua ile alama nikaifumia kwenye msuko wa kikapu, chini kushoto, rangi ya ukindu juu ya ukindu. Nilichagua ukili wa tatu kutoka pembeni, kwa sababu jicho la mtu hupenda wa kwanza au wa katikati. Ilikuwa kazi safi. Ijumaa nikaajiriwa.

Mama aliniuliza kama nimewaambia wenye mchezo juu ya ile ahsante.

"Nimewaandikia," nilisema. "Wamekataa. Mimi kazi yangu ni picha na rangi, mama. Vitufe wanaweka wengine."

"Basi umefanya lako," alisema.

Maneno hayo yalinichoma, nikaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Mama hakuacha kucheza. Aligundua kwamba yule mama wa kikapu akitokea, dawa yake ni kuizima simu kabisa na kuiwasha upya. Shoga yake, fundi cherehani wa Gongoni ambaye hupita kumjulia hali akienda sokoni, naye akaweka mchezo, mama akamfundisha mbinu hiyo. Nikawa nawasikia wawili hao wakizima na kuwasha, wakizima na kuwasha, kila baada ya raundi tatu, watu wazima wenye akili zao. Wakati mwingine shoga yake aliwalaani waliotengeneza duka lile. Mama alikuwa mwepesi kunitetea.

"Mwanangu aliwaandikia," alimwambia. "Aliwaandikia kwa mkono wake. Hawasikii."

Shoga yake akanigeukia, akasema Mungu akuzidishie, na mimi nikaitikia amina. Nilijichukia.

Jumatatu moja shoga huyo alikuja saa nne, ameharakishwa na mteja wa sare za shule. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku anatafuta miwani yake kwenye pochi. Aliketi kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama, akacheza kidogo, mara yule mama wa kikapu akatokea. Simu yake ilikuwa mbovu siku hizo, akiizima inagoma kuwaka.

"Hebu mwanangu nisaidie," alisema, akaninyooshea simu. "Mtoe huyu mwanamke."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wa mama. Nilikuwa nikifikiria kikao changu cha kazi cha saa tano na mashuka yaliyolowekwa uani. Niliipokea simu ile kwa mkono mmoja, kidole gumba kikashuka chini kushoto, kikagusa, duka likafungika. Sikuwa hata nimekitazama kioo.

"Haa!" Aliipokea simu yake akaigeuzageuza. "Kumbe pana mlango! Umeujuaje?"

"Nimebahatisha."

"Mimi natafuta mwezi mzima, wewe unabahatisha mara moja?" Alisema kwa furaha tu, hakuwa na neno. Alijaribu kunifanya nimwonyeshe tena, lakini mteja akampigia simu, akainuka, akavaa baibui lake, akaondoka anamsimulia mteja huyo kwamba mtoto wa shoga yake ana vidole vya bahati.

Geti la bati likafungwa. Nilimlisha uji vijiko vitatu. Cha nne alikizuia kwa kufunga mdomo, akanitazama, nami nikatazama kijiko.

"Ule mlango uliuweka wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ile ahsante?"

"Nayo niliandika mimi. Nilikosea, mama, sikuwa najua. Lakini mlango niliuficha huku najua."

"Uliwaandikia?"

"Sikuwaandikia."

Nilingoja anigombeze. Ningependa anigombeze, nipate kujitetea, nimwambie kuhusu kaka zangu, kuhusu chumba hiki, kuhusu barua niliyoifuta. Nilikuwa nayo maneno yote, yamejaa mdomoni. Badala yake alipapasa chini ya mto akatoa simu yake, akanipa kwa mkono wa kushoto.

"Unisamehe kwa mkono," alisema, kama anavyomwambia kila mtu anayempa kitu tangu augue. "Nifutie huo mchezo."

"Mama, shamba lako lote litapotea."

"Nifutie."

Niliufuta. Simu iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Nikamrudishia, akaiweka kifudifudi pembeni yake, akauegemeza uso wake ukutani, upande ule ambao bado unamtii.

"Sasa mchana utafanya nini?" nilimuuliza.

"Nitakaa," alisema. "Wewe nenda kazini, usije ukachelewa."

Nikanyanyuka na kikombe cha uji, nikapiga hatua nne mpaka mezani kwangu, nikavuta kiti.