Fundi aliyeziba taa kumi na moja

Saa moja na robo asubuhi, ukungu bado umelala Kizwite, mjini Sumbawanga, na Nestory Mwanakulya anachungulia dirisha la gari ambalo si lake wala la mteja wake. Limesimama tu kando ya barabara, dereva kaenda kunywa chai. Nestory anaangalia dashibodi, anatikisa kichwa, anarudi kibandani kwake akipangusa mikono kwenye suruali.

"Silo," anasema.

Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza siku hizi, kabla hata hajawasha kompresa. Fundi huyu wa matairi, mwenye miaka arobaini na minane na watoto wanne, anatafuta gari moja jeupe la abiria. Mwenyewe ni Bi Sada, mfanyabiashara wa mjini, na dereva wake ni kijana aitwaye Sadick. Ndani ya gari hilo kuna kitu ambacho Nestory alikifanya kwa mikono yake mwenyewe, na kinamnyima usingizi.

Mambo yalianza na chungu. Magari mengi yanayoletwa Sumbawanga miaka hii yana sensa ndani ya matairi. Upepo ukipungua, taa ya njano inawaka mbele ya dereva. Alama yake ni kama chungu kilichokatwa mdomo, na katikati kuna alama ya mshangao. Madereva wakaiita chungu, jina likakaa.

Shida ni kwamba chungu kiliwaka karibu kila asubuhi. Gari linajazwa upepo jioni, limetoka safari, matairi ya moto. Kufika alfajiri, baridi ya huku juu, ambayo mwezi wa Juni haina mzaha na mtu, imeshausinyaza upepo ule. Taa inawaka. Jua likipanda na tairi likipata joto, inazima yenyewe. Sasa nani ataiamini taa ya namna hiyo?

"Tuliiita mwongo," anasimulia Nestory. "Kumbe mwongo ni mimi. Tairi linatakiwa kupimwa likiwa baridi. Mimi miaka kumi na tisa napima la moto, na hakuna aliyewahi kunisema."

Abiria walipoiona taa waliuliza maswali, wengine wakashuka. Basi madereva wakamwendea fundi. Naye, ambaye siku nzuri huondoka na shilingi elfu kumi na tano, hakuona ubaya. Alikata kipande cha tepu nyeusi cha ukubwa wa ukucha, akabandika juu ya chungu, akapokea elfu mbili. Aliziba taa kumi na moja, na anazikumbuka zote.

Gari la Bi Sada alilifanyia na la ziada. Lilikuwa na zile taa nyeupe za mbele zinazowaka mchana kutwa, ukiwasha injini tu nazo zimewaka. Zimewekwa ili gari lionekane mapema, na kwa ukungu huu wa Ufipa zingefaa sana. Lakini hapa gari linalowasha taa mchana kweupe lina maana moja: liko kwenye msafara wa msiba. Wazee walivua kofia lilipopita. Mama mmoja wa Mwazye alilisimamisha, akampa Sadick pole, akauliza marehemu ni nani. Stendi hakuna aliyetaka kulipanda.

"Bi Sada akaniambia, 'Fundi, gari langu limekuwa jeneza. Kata hizo nyaya.' Nikakata." Nestory anacheka kidogo, kisha anaacha. "Leo zingekuwepo ningelitambua kwa mbali. Magari meupe yote yanafanana."

Hofu yenyewe ilimwingia mwezi uliopita. Obed, dereva wa gari la abiria liendalo kijiji cha Kate, alipasukiwa tairi la mbele saa sita mchana. Gari likaingia shambani, likasimama katikati ya mahindi. Hakufa mtu, ila mwalimu mmoja, Marsiana, alivunjika mkono. Nestory alipofika akabandua tepu yake. Chungu kilikuwa kinawaka chini yake, na hakuna aliyejua kimewaka tangu lini.

Tangu siku hiyo amebandua nyingine tisa, bure, na huwapimia madereva upepo alfajiri kabla hawajaondoka. Limebaki la Sadick. Lilihamishiwa bondeni Ziwa Rukwa, na siku za mnada hupanda kuja mjini kwa mlima wa Lyamba lya Mfipa, kona juu ya kona, upande mmoja korongo. Simu ya Sadick haipatikani. Salamu alizotuma kupitia madereva wenzake Sadick wamezifanya utani.

"Anakula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu," anasema mkewe, Avelina. "Ninamwonea huruma, lakini nilimwambia mapema: umemziba mdomo anayekuonya."

Saa saba mchana simu inaita. Ni Sadick.

"Shikamoo, fundi. Naambiwa unanitafuta kama nimekuibia."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Muze. Nimeshapakia, tunapanda sasa hivi. Nina watu kumi na wanne."

"Bandua ile tepu."

"Fundi, abiria wanaangalia."

"Bandua, Sadick."

Kwa mbali mtoto analia, mtu analalamika joto.

"Kimewaka," anasema Sadick. "Si ndiyo kawaida yake?"

Nestory anakaa chini. Ingekuwa alfajiri, angesema ni baridi. Lakini bondeni, saa saba mchana, matairi yamechemka. Saa kama hiyo chungu hakiwaki bure.

"Washushe watu."

"Wameshalipa nauli, fundi."

"Washushe! Usipande huo mlima. Nakuja."

Simu inakatika. Anapiga, haipatikani. Hajui kama neno la mwisho lilifika.

Anatia geji ya upepo na viraka mfukoni, anafunga pampu ya mkono nyuma ya bodaboda. Kamba inamponyoka mara mbili. Anapoulizwa anatumaini nini, haongelei kibanda wala kazi.

"Niwakute wamekaa barabarani na jua lile, wananitukana," anasema akipanda. "Wote kumi na wanne. Hata mmoja asikosekane."